Wiki Mbili za Mkopo

Kadi ya kliniki iliandikwa kwa kalamu ya bluu:
umri wa mimba, wiki kumi na mbili.
Ulikuwa unakula. Uliisogeza karibu na taa,
ukahesabu kwa vidole,
ukarudia kuanzia mkono wa kushoto.
Kisha ukanawa, ugali ukiwa nusu.

Niliijua hesabu yako, Mihambo, kabla hujaifunga.
Ulitoka porini tarehe kumi na saba Julai,
ndoo za asali kwenye baiskeli ya Kasonta,
nguo zikinuka moshi na nta.
Toka siku ile hadi kadi ile ni wiki kumi.
Na kabla yake ulikuwa kambini tangu Mei,
ukila uyoga, ukilala juu ya magome.
Basi zile mbili ni za nani?

Hukuuliza. Ungeuliza ningekujibu.
Uliuliza tu chumvi iko wapi,
siku tatu mfululizo, chumvi iko wapi,
na chumvi ilikuwa mahali pake.

Kwa bibi yangu jambo hili lilikuwa jepesi.
Sisi Wanyamwezi, alisema, mwezi tunao hadi kwenye jina.
Upo wa juu, upo wa kalenda ya dukani,
na upo wa mwilini, ambao hauongopi.
Kila ulipoandama alifunga fundo kwenye kamba,
na fundo la kwanza lilikuwa la damu,
ile ya mwisho, kabla ya kimya.

Yangu naikumbuka. Tarehe tatu Julai,
siku pampu ya kisima cha shule ilipokatika mnyororo,
nikafulia maji ya kuazima kwa mama Kabula,
nusu ndoo, na masimango juu.
Mwanamke hasahau siku ya namna hiyo.

Siku ya nne nikakuvuta hadi zahanati.
Sista Generoza akatoa gurudumu la karatasi ngumu,
duara juu ya duara,
akaweka mshale kwenye tarehe tatu Julai.
"Hapa ndipo tunapoanzia."
Ukasema, "Hapo mimi nilikuwa msituni."
Mama mmoja mlangoni akaacha kutafuna karanga.

Sista hakucheka, wala hakukukaripia.
"Hapo hata mtoto hakuwepo," alisema.
"Siku mimba inapotunga hakuna anayeiona,
si wewe, si yeye, si mimi na cheti changu.
Damu inaonekana. Tunaanzia kwenye kinachoonekana.
Yai hukomaa kama wiki mbili baadaye,
na wakati huo," akasogeza kidole, "wewe ulishafika."
Akaongeza siku saba, akarudi nyuma miezi mitatu,
akaandika: kumi Aprili.
"Ila mtoto hasomi kadi. Atakuja akitaka."

Kesho yake, Kitete, wakanipaka mafuta ya baridi tumboni.
Kwenye kioo, kitu cha sentimita sita,
utosini hadi makalioni,
kikarusha mguu kama aliyekanyaga siafu.
Mashine ilisema wiki kumi na mbili na siku tatu,
gurudumu lilisema siku tano.
"Siku mbili si ugomvi," alisema mpimaji.
Nikakutazama. Ukatazama viatu vyako.

Tuliposhuka njia panda ya Ipole
ulisimama chini ya mninga wenye mzinga.
"Huu," ukasema, ukiuambia mti,
"niliutundika Oktoba, mwaka juzi.
Nyuki waliingia lini, sikuwaona.
Wiki mbili baadaye, labda tatu.
Lakini mtu akiniuliza umri wake
namwambia tangu Oktoba."

Nilingoja useme na lingine.
Nyuki waliingia, wakatoka, wakaingia.
Ukachukua mfuko wangu, ukatangulia.

Jioni nilisonga ugali, nikauweka mezani,
na kabla hujafungua mdomo nikakwambia:
kopo la njano, kulia kwa jiko,
palepale ilipokuwa Juni,
ulipokuwa haupo.